Kutoka Stejini hadi Simuni: Majina na Historia ya Usafiri wa Kuitwa kwa Programu Afrika Mashariki

Ikisiri

Huduma ya Uber, inayoitwa kwa programu ya simu, ilianza California mwaka 2010, ikafika Nairobi mwaka 2015, kisha Kampala na Dar es Salaam mwaka 2016. Makala haya yanafuatilia safari hiyo kupitia majina: jina la huduma, jina la kampuni mbele ya sheria, na jina la anayeshika usukani. Yanadai kwamba istilahi zilizokuja na programu zilibuniwa kwa uhusiano wa pande mbili, ilhali biashara ya usafiri wa Afrika Mashariki mara nyingi ina pande tatu. Msamiati wa stejini na vijiweni unamtaja mhusika wa tatu ambaye istilahi hizo humficha, na kufichwa kwake kuna gharama katika sera.

Jina lililokatwa

Oktoba 2010 kampuni changa ya San Francisco iliyojiita UberCab ilipokea amri ya kusitisha shughuli zake. Amri ilitoka kwa mamlaka ya usafiri ya mji huo na kwa tume ya huduma za umma ya jimbo la California, na sababu yake ilieleweka kwa urahisi: kampuni ilikuwa ikifanya biashara ya teksi bila leseni ya teksi. Ilikuwa imehudumia abiria kwa miezi michache tu. Waanzilishi wake, Garrett Camp na Travis Kalanick, hawakuondoa magari barabarani. Walikata neno 'Cab', yaani teksi, wakabaki na Uber.

Masimulizi mengi ya kampuni hiyo hulitaja tendo hilo kwa sentensi moja kisha yakaendelea na habari za wawekezaji. Kwa historia ya lugha, hata hivyo, ndilo tukio la msingi. Kampuni isiyo na teksi katika jina lake iliweza kudai kwamba haisafirishi mtu yeyote. Inatoa tu programu inayomkutanisha mwenye gari na mwenye safari. Anayeendesha, kwa mantiki hiyo, si mwajiriwa wa kampuni bali ni 'mshirika' wake, na fedha inayokatwa katika nauli ni ada ya matumizi ya programu. Mabishano yote yaliyofuata, kutoka London hadi Dar es Salaam, yalizaliwa na mkato huo wa silabi moja.

Washindani walifuata njia yao ya majina. Lyft, iliyozinduliwa mwaka 2012, ilianza kwa kuita malipo ya abiria 'mchango', kana kwamba rafiki amempa rafiki lifti na kuchangiwa mafuta. Lyft ilitokana na Zimride, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2007 na Logan Green pamoja na John Zimmer. Jina Zimride lina asili isiyotajwa vya kutosha katika maandishi ya Afrika Mashariki: Green alikuwa ametembelea Zimbabwe, akaona jinsi watu wasio na magari wanavyochangia nafasi katika mabasi madogo ya abiria, akarudi Marekani na wazo la kujaza viti vitupu vya magari ya watu binafsi. 'Zim' ni Zimbabwe. Wazo lililokuja kupokewa katika bara hili kama uvumbuzi wa ng'ambo lilikuwa, kwa sehemu, limechukuliwa humuhumu.

Kwa miaka kadhaa waandishi wa Kiingereza waliita huduma hizi kwa neno lenye maana ya kushirikiana safari. Mwanzoni mwa 2015 shirika la habari la Associated Press liliwaelekeza waandishi kuliacha neno hilo na kutumia la kuita au kuagiza safari, kwa kuwa hakuna kinachoshirikiwa pale ambapo abiria analipa na dereva anapokea. Sheria nayo ilikuwa imekwisha kubuni neno lake. Septemba 2013 tume ya California iliunda aina mpya ya leseni kwa 'kampuni za mtandao wa usafiri', daraja lililo kando ya teksi lenye masharti yake. Desemba 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa mgawanyo wa namna hiyo: katika shauri lililoletwa na chama cha madereva wa teksi wa Uhispania, iliamua kwamba huduma ya Uber ni huduma ya usafiri na inapaswa kusimamiwa hivyo. Kwa hiyo nchi za Afrika Mashariki zilipoanza kutunga kanuni, zilikuwa na mapokeo mawili mbele yake, la California linaloanza na mtandao na la Ulaya linaloanza na usafiri.

Mpakani na stejini

Kanda hii haikuwa ukurasa mtupu. Njia yake mashuhuri zaidi ya usafiri wa kukodi ilizaliwa katika miaka ya 1960 kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia na Malaba, ambako waendesha baiskeli waliwavusha watu na mizigo katika eneo lililo kati ya vituo viwili vya forodha. Waliita wateja kwa kutaja neno la Kiingereza la mpaka, mara mbili, kwa matamshi ya wenyeji: boda boda. Katika miaka ya 1990 pikipiki zilianza kuchukua nafasi ya baiskeli, na Kampala ikawa mji mkuu wa biashara hiyo. Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo za chini ya sentimita za ujazo 250 mwaka 2008, zikaenea hadi vijijini. Tanzania ilitunga kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kukodi mwaka 2010.

Inafaa kuangalia jinsi biashara hii ilivyojipanga kabla ya simu, kwa sababu ndiyo iliyokutana na programu. Kitovu chake Kampala na Nairobi ni steji. Tanzania ni kijiwe. Steji ina mwenyekiti, ina mweka hazina, ina kiingilio ambacho mgeni hulipa kabla ya kuruhusiwa kuegesha, na ina zamu. Abiria humjua mwendeshaji kwa sura, au humjua mtu anayemjua. Bei hupatikana kwa mapatano. Ajali ikitokea, wenzake huchanga. Haya si maelezo ya kuipamba: steji pia huwafungia nje vijana wasio na kiingilio, na katika mapatano ya bei mgeni wa mji huumia. Lakini ilikuwa taasisi, na kila uhusiano ndani yake ulikuwa na jina.

Majina ya Kampala yalikuwa na upekee wa kuzingatiwa. Huko 'teksi' si gari dogo la kukodi. Ni basi dogo la abiria kumi na wanne, lile ambalo Nairobi huita matatu na Dar es Salaam daladala. Uwanja wa kale wa mabasi hayo katikati ya mji huitwa hadi leo kwa jina la teksi. Gari dogo la kukodi ni 'spesheli', kutokana na maneno ya Kiingereza ya ukodishaji maalumu. Mtu anayetafsiri sera ya teksi kutoka Dar es Salaam kwenda Kampala bila kulijua hilo atakuwa amebadili chombo kizima.

Kampala: kofia mbili

Mwaka 2014 SafeBoda ilianzishwa Kampala. Mmoja wa waanzilishi wake watatu, Ricky Rapa Thomson, alikuwa mwendesha bodaboda mwenyewe. Wenzake walikuwa Alastair Sussock na Maxime Dieudonné. Jina lake linaeleza mradi: haikukata neno la biashara kama UberCab ilivyofanya, bali ililichukua na kuliongezea sifa. SafeBoda ilikiri tangu mwanzo kuwa ni boda. Ilichouza ni usalama, na ishara yake ilikuwa kofia mbili ngumu, moja ya mwendeshaji na nyingine ya abiria, pamoja na vizibao vya rangi ya machungwa vilivyoonekana kutoka mbali. Waendeshaji walipitia mafunzo ya usalama barabarani kabla ya kuruhusiwa kubeba abiria.

Kwa hiyo historia ya pikipiki za kuitwa kwa programu haipiti California hata kidogo. Ndugu yake wa karibu ni Gojek ya Jakarta, ambayo ilianza mwaka 2010 kama kituo cha simu chenye waendesha pikipiki ishirini na kuzindua programu Januari 2015. Jina Gojek nalo limebeba neno la mtaani, 'ojek', pikipiki ya kukodi ya Indonesia. Mwaka 2019 Gojek iliwekeza katika SafeBoda. Miji miwili iliyojaa pikipiki, kila mmoja ukiwa na neno lake la kale, ilikutana bila kupitia San Francisco.

Uber ilifika Kampala Juni 2016 ikiwa na magari, na mwaka 2018 ikaongeza pikipiki chini ya jina uberBODA. Hapo ndipo mwenendo wa majina ulipogeuka. Kampuni iliyokuwa imekata neno la teksi ili ikwepe sheria ilianza kuokota maneno ya mitaa ya Afrika Mashariki ili ipate wateja. Mwaka huohuo Nairobi ilipata ChapChap kwa magari madogo ya bei nafuu, na Dar es Salaam na Mombasa zikapata uberPOA kwa magurudumu matatu. 'Poa', 'chapchap', 'boda': maneno mepesi, ya furaha, ya abiria. Ni vigumu kukuta katika majina hayo neno lolote la dereva.

Programu ilibadili nini stejini? Kwanza, ilifuta kiingilio na zamu: kijana asiye na nafasi katika steji aliweza kupokea abiria mahali popote. Pili, ilifuta mapatano ya bei. Tatu, ilimpa abiria, hasa mwanamke anayesafiri usiku, kumbukumbu ya nani amembeba na wapi. Manufaa hayo ni ya kweli na yasipunguzwe. Hata hivyo haikufuta mazungumzo. Katika mji ambao nyumba nyingi hazina namba zinazotumika, alama iliyo kwenye ramani haikutosha, na safari ya programu huanza hadi leo kwa simu ya mdomo: uko wapi, uko upande gani wa kituo cha mafuta, umevaa nini. Wabunifu wa programu walidhani wameondoa maneno. Maneno yalihama tu kutoka kwenye bei kwenda kwenye mahali.

Mtihani mkubwa ulikuja Machi 2020, serikali ya Uganda ilipopiga marufuku bodaboda kubeba abiria ili kuzuia maambukizi ya korona na kuruhusu mizigo pekee. Steji nyingi zilikosa kazi. SafeBoda iligeukia kupeleka bidhaa za sokoni na vyakula nyumbani kwa wateja, na hivyo sehemu ya waendeshaji wake wakaendelea kupata chochote. Novemba mwaka huo kampuni ilifunga huduma zake za Nairobi ilizokuwa imezianza mwaka 2018, ikabaki na Kampala na mradi wake wa Ibadan, Nigeria. Kwa mwendeshaji wa Nairobi, kufungwa huko kulikuwa somo la tofauti kati ya steji na programu. Steji haiwezi kuamua kuondoka nchini.

Nairobi na fedha taslimu

Uber ilizindua Nairobi Januari 2015. Haikuwa ya kwanza. Easy Taxi kutoka Brazil ilikuwa imetangulia, na wavumbuzi wa Kenya walikuwa na programu zao, mojawapo ikiitwa Maramoja. Lakini mtindo wa California ulitegemea kadi ya benki, na Nairobi ilikuwa mji wa M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom Machi 2007, na wa noti mkononi. Mwaka 2015 Uber ilianza kujaribu malipo ya fedha taslimu, kwanza Hyderabad nchini India, kisha Nairobi.

Badiliko hilo linaonekana kuwa la kiufundi tu, lakini liligeuza mwelekeo wa deni. Palipo na kadi, kampuni hupokea nauli yote kisha humlipa dereva kilicho chake. Palipo na taslimu, dereva hupokea nauli yote, na kamisheni inakuwa deni lake kwa kampuni. Asipolipa, programu humfungia. Dereva wa Nairobi aliyefungiwa kwa deni ana uhusiano na kampuni usiofanana na ule ulioelezwa na neno 'mshirika'.

Mwanzo wa 2016 ulikuwa na vurugu. Madereva wa teksi za zamani waliandamana, na baadhi ya magari yaliyoendeshwa kwa programu yakashambuliwa. Julai mwaka huo mambo mawili yalitokea karibu kwa pamoja. Safaricom na Craft Silicon walizindua Little, na Uber ikapunguza nauli za Nairobi kwa takribani theluthi moja. Madereva waligoma. Kampuni ilieleza kwamba nauli ndogo huleta safari nyingi, hivyo kipato hakitapungua. Hoja hiyo ina mantiki kwa dereva mwenye gari lake lisilo na deni. Kwa wengine, kulikuwa na neno moja la Kiswahili lililokosekana katika mjadala.

Hesabu

Neno hilo ni 'hesabu'. Katika daladala, bajaji, bodaboda na teksi za Dar es Salaam, hesabu ni kiasi maalumu ambacho dereva humpelekea mwenye chombo kila siku au kila wiki, iwe abiria walikuwepo au hawakuwepo. Mwenye chombo huitwa 'tajiri', hata kama ni mwalimu mstaafu mwenye bajaji moja. Dereva anayeshika chombo kwa lengo la kukimiliki baada ya kumaliza malipo huitwa wa 'mkataba'. Anayempokea mwenzake kwa siku moja ili apumzike ni 'deiwaka'. Kila neno hapa linaeleza ni nani anabeba hatari ya siku mbaya. Katika hesabu, jibu ni dereva peke yake.

Istilahi za programu hazina nafasi ya tajiri. Zina kampuni, dereva na abiria. Mkataba uliotungwa katika mazingira ya California ulimdhania mtu mwenye gari lake anayetaka kulitumia saa za ziada. Afrika Mashariki gari hilo mara nyingi lilikuwa la mtu mwingine, au la benki. Kwa hiyo asilimia ya kampuni haikuchukua nafasi ya hesabu. Ilikaa juu yake.

Mfano wa kubuni unaweza kuonyesha uzito wa jambo hili. Dereva wa Dar es Salaam akikusanya shilingi 60,000 kwa siku, akatumia 18,000 kwa mafuta na kupeleka hesabu ya 20,000, kamisheni ya asilimia 25 itachukua 15,000 na kumwachia 7,000. Kamisheni ikishuka hadi asilimia 15, atabakiwa na 13,000. Tofauti ya asilimia kumi katika nauli ni karibu kipato maradufu kwa anayeendesha. Sasa nauli zishuke kwa theluthi, kama Nairobi mwaka 2016, safari zikibaki zilezile: makusanyo ni 40,000, kamisheni ya asilimia 25 ni 10,000, mafuta na hesabu havijashuka, na dereva anamaliza siku akiwa na upungufu wa 8,000. Safari zikiongezeka, mafuta nayo yanaongezeka. Kinachobaki palepale ni hesabu, na ndiyo haionekani kwenye kioo cha simu.

Mshauri wa sera anayesoma takwimu za programu peke yake ataona nauli, asilimia na idadi ya safari. Hataona siku iliyoishia hasi.

Kanuni na maneno yake

Tanzania ilichukua msimamo wa lugha ulio wazi. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu, huziita huduma hizi 'teksi mtandao'. Nomino kuu ni teksi. Mtandao ni sifa yake. Neno ambalo UberCab ililikata Oktoba 2010 lilirudishwa mahali pake kwa Kiswahili, na pamoja nalo mamlaka ya kupanga nauli. Machi 2022 LATRA ilitoa viwango vya nauli na kuweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15. Aprili Uber ilisimamisha huduma nchini, ikisema masharti hayo hayaruhusu biashara yake kuendelea, na baadaye mwaka huo Bolt nayo ikapunguza huduma. Ukomo ulipandishwa hadi asilimia 25, na Januari 2023 Uber ikarejea.

Tukio hilo mara nyingi husimuliwa kama pambano kati ya mdhibiti na kampuni, ambalo kampuni ilishinda. Usomaji huo ni finyu. Pande zote mbili zilibishana juu ya asilimia, yaani juu ya sehemu moja tu ya makato ya dereva. Hesabu haikuwa mezani. Ukomo wa asilimia 15 ungeweza kuliwa wote na tajiri aliyeamua kupandisha hesabu baada ya kusikia kwamba dereva wake amepata nafuu, na kanuni isingekuwa na la kusema.

Kenya ilifuata mapokeo ya California katika jina la kampuni lakini ikaongeza kitu muhimu. Kanuni za mwaka 2022 zilizo chini ya mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, zinataja katika kichwa chake kampuni za mtandao wa usafiri, wamiliki, madereva na abiria. Ukomo wa kamisheni ni asilimia 18. Neno 'wamiliki' katika kichwa cha kanuni ni hatua ambayo haijazingatiwa vya kutosha: mhusika wa tatu ametajwa. Kutajwa si kudhibitiwa, lakini kisichotajwa hakiwezi hata kuanza kudhibitiwa.

Rwanda ilipita njia ya mita. Mdhibiti wa huduma, RURA, aliwataka waendesha pikipiki za Kigali kutumia mita zinazopima umbali na kukokotoa nauli, mfumo uliohusishwa na kampuni ya Yego, jina ambalo kwa Kinyarwanda ni 'ndiyo'. Januari 2022 wengi wa waendeshaji, wanaoitwa abamotari, waligoma kupinga gharama na makato ya mfumo huo. Kampuni yenye jina la 'ndiyo' ilipokea 'hapana' iliyosikika mji mzima.

Linabaki swali la jina la dereva, na hapa kesi ya Uingereza ina faida kwa watunga istilahi. Tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba madereva wa Uber walioleta shauri walikuwa na hadhi ya 'worker', daraja la sheria ya Kiingereza lililo kati ya mwajiriwa kamili na mtu anayejitegemea. Majaji waliangalia uhusiano halisi, ikiwemo ukweli kwamba kampuni ndiyo inayopanga nauli na masharti, badala ya kuanza na maneno ya mkataba. Kiswahili kina maneno mawili yanayoweza kubeba tofauti hiyo, 'mwajiriwa' na 'mfanyakazi', lakini katika matumizi ya kila siku hubadilishana nafasi. Mtafsiri asipoyatenga, hukumu nzima hupotea: msomaji ataelewa kwamba madereva wameajiriwa, jambo ambalo mahakama haikusema.

'Mshirika' ni tafsiri ya hatari zaidi, na uzuri wa neno ndio unaoifanya hatari. Katika Kiswahili halikuja tupu. Limelelewa na vyama vya ushirika, kuanzia ule wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioundwa mwaka 1933 hadi ule wa Bugisu, mashariki mwa Uganda, wa mwaka 1954. Mshirika katika historia hiyo ana hisa, ana kura, na ana sehemu ya ziada mwishoni mwa msimu. 'Mbia' nalo lina masharti yake: wabia hugawana faida na hasara. Dereva wa programu hana kura juu ya nauli, na hasara yake haigawanywi. Hati ya Kiswahili inayomwita mshirika au mbia imempa kwa maneno haki ambazo mkataba umemnyima, na mahakama au afisa wa kazi atakayeisoma anaweza kudhani kwamba haki hizo zipo.

'Dereva mtoa huduma' ni jina lisilo na mvuto, lakini halidai kisichokuwepo, na linaacha mlango wazi kwa sheria kuamua kama ni mfanyakazi. Kwa mwenye chombo, 'mmiliki' linatosha katika kanuni, ilimradi hati ieleze pia 'hesabu' kwa jina lake, kama malipo maalumu yasiyotegemea mapato ya siku, ili mkaguzi wa Kampala, Kigali au Dodoma aweze kuuliza kiasi chake. Neno hilo si la mtaani tu. Limekuwa msingi wa usafiri wa umma wa Dar es Salaam kwa zaidi ya kizazi kimoja, na hakuna neno la Kiingereza lililozoeleka katika kanuni za kanda linalolifikia kwa usahihi.

Suala hili lina haraka yake Uganda na Rwanda kuliko inavyodhaniwa. Uganda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na Rwanda ikakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Kanuni za usafiri za nchi hizo zitakapoandikwa au kutafsiriwa kwa Kiswahili, mtafsiri wa Kampala atakutana kwanza na neno 'teksi', ambalo mjini kwake ni basi dogo, na 'teksi mtandao' ya LATRA itakuwa kwake basi dogo la mtandaoni. Atahitaji maelezo ya neno hilo katika kifungu cha tafsiri cha kanuni, pamoja na 'spesheli', 'bodaboda', 'steji', 'mmiliki' na 'hesabu', kabla hajafika kwenye kifungu cha nauli.